Mkojo wa Ng'ombe, Kitambaa cha Buluu

Huko Marekani mkojo ni bidhaa. Ingia duka la wawindaji utakuta vichupa vimepangwa kwenye rafu kama marashi: mkojo wa koyote jike, mkojo wa paka mwitu, mafuta ya tezi za wanyama, na mchanganyiko wa samaki aliyeoza ambao hata kifuniko hakiuzuii kunuka. Koyote ni ndugu wa bweha wetu, mnyama mwembamba, mjanja, anayekula chochote kuanzia panya hadi mwanakondoo. Mwindaji anafukia mtego wa chuma ardhini, anadondosha matone mawili matatu kwenye nyasi kando yake, halafu anaenda zake. Koyote akipita usiku, pua inamwambia kuna mgeni ameingia mtaani kwake. Anasogea asome ujumbe. Hapo ndipo anapokanyaga.

Serikali ya Marekani yenyewe iliingia kwenye biashara hii mwaka wa 1915, ikawaajiri wawindaji wa kulinda kondoo na ng'ombe wa wafugaji. Ilitumia mitego, bunduki na sumu, na kuanzia miaka ya 1930 kukawa na kifaa kinachochomekwa ardhini, kichwa chake kimepakwa chambo kinachonuka. Mnyama akikivuta kwa meno, kinamrushia sayanidi mdomoni. Mwaka wa 1972 Rais Nixon alipiga marufuku sumu za aina hiyo kwenye ardhi ya serikali kuu, lakini miaka michache baadaye sayanidi ikarudi. Na koyote je? Leo anaishi hadi ndani ya Chicago na New York. Amewashinda.

Nyamira, nilikokulia, hakuna koyote. Hata fisi amebaki zaidi kwenye hadithi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye milima ambayo ukisimama kilele kimoja unaona paa za mabati hadi macho yachoke. Mnyama gani atajificha hapo? Anayewindwa sana vijijini ni fuko, kwa sababu anakula viazi vitamu na mizizi ya migomba. Wategaji wa fuko wana kazi yao inayoheshimika, na wanajua mambo ya harufu bila kusomea: kabla ya kushika waya na kijiti cha mtego wanajisugua mikono kwa udongo wa shimo lenyewe, ili harufu ya sabuni isibaki. Nyanya yangu naye alikuwa na mtego wake wa fukusi wa migomba. Alipasua kipande cha shina la mgomba uliokatwa, akakilaza chini karibu na migomba iliyosimama, upande wenye maji ukiangalia udongo. Asubuhi alikigeuza. Fukusi walikuwa wameitwa na utomvu usiku kucha, wamejaa chini yake, weusi, wagumu kama punje za pilipili manga. Aliwaponda kwa jiwe.

Lakini windo kubwa kuliko yote lililofanywa kwa harufu upande wetu wa nchi halikuwa la fuko wala la fukusi. Lilikuwa la inzi. Na ukitaka kulielewa lazima kwanza uondoke mlimani, uteremke.

Waingereza waliweka boma lao Kisii mwaka wa 1907. Kutoka hapo waliitawala wilaya nzima ya South Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa South Nyanza: Abagusii huku juu, Wajaluo, Wasuba na Wakuria kule chini hadi ziwani. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa, shida za bonde la Lambwe, ambalo leo liko kaunti ya Homa Bay, zilikuwa faili zilizolazwa mezani Kisii. Siku hizi tunachora mipaka ya kaunti kana kwamba ugonjwa unasoma ramani. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, unakatiza Gusii, unaitwa Kuja ukifika kwa majirani, unakutana na Migori, unamwaga maji ziwani. Huko chini kwenye vichaka vya kingo zake aliishi mbung'o.

Mbung'o si inzi wa kawaida. Anakula damu tu, dume na jike. Jike hatagi mamia ya mayai kama nzi wa chooni. Anabeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha maziwa yake ya ndani, anamzaa baada ya siku tisa au kumi hivi, kisha anaanza mwingine. Kwa uzazi anafanana na ng'ombe kuliko nzi. Weka hilo akilini, kwa sababu ndilo lililokuja kummaliza. Anapouma anaweza kuacha vimelea wanaoleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Mtu wa malale huanza na homa na kichwa kuuma, mwisho usingizi wa mchana, kuchanganyikiwa, na asipotibiwa, kifo.

Kati ya 1900 na 1920 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria, wengi wao Uganda. Upande wa Kavirondo nao uliumia. Nadhani sisi wa milimani hatujawahi kulikalia jambo hili vizuri. Historia tunayofundishwa ya Gusii ni ya mashujaa: Otenyo akimchoma mkuki Northcote mwaka wa 1908, Moraa akiwahimiza vijana, vijiji vikichomwa na wanajeshi. Ni historia ya kweli na inastahili. Lakini baridi ya milima yetu, ile tunayoilalamikia kila Julai, ilikuwa pia ngome. Ng'ombe waliolala kwenye ebisarate, zile kambi za vijana ambazo serikali ya kikoloni ilizivunja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walilindwa dhidi ya wavamizi kwa mikuki. Dhidi ya mbung'o walilindwa na mwinuko.

Sasa, serikali ikiwa na mbung'o bondeni ilifanya nini? Ilifanya yale yale ambayo Marekani ilimfanyia koyote: nguvu. Uganda, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kwa lazima kutoka fukwe na visiwa. Kusini mwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walisema mbung'o anakula damu ya wanyama pori, kwa hiyo waue wanyama pori. Wakaua zaidi ya nusu milioni kwa miaka, nyati, pofu, kudu, ngiri, risasi baada ya risasi. Hapa kwetu walianza na panga. Katika miaka ya 1930 vichaka vya kingo za mito iendayo ziwani, Kuja ikiwemo, vilifyekwa vipande vipande, ili mbung'o akose kivuli. Na baada ya Vita vya Pili vikaja viuadudu. Katika miaka ya 1950 mfumo wa Kuja na Migori ulipigwa dawa mto mzima, na mbung'o wa mtoni akatoweka huko. Ni ushindi, siwezi kukataa. Watu waliacha kufa. Lakini zilikuwa dawa za ukoo wa DDT, zilizopuliziwa kwenye mimea iliyo juu ya maji ambayo akina mama walikuwa wakiteka.

Lambwe lilikuwa gumu zaidi. Mbung'o wa pale ni wa aina nyingine, *Glossina pallidipes*, wa vichaka vizito, anayependa nyati na ngiri. Bonde lina udongo mzuri na lilikuwa karibu tupu, watu wanalikwepa. Walipoanza kurudi kwa wingi baada ya vita, malale nayo ilirudi. Miaka ya 1960 kulikuwa na mlipuko, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwingine. Na katikati ya bonde kuna hifadhi, iliyotengwa mwaka wa 1966 na kufanywa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka wa 1983, makao ya mwisho nchini Kenya ya yule swara mkubwa aitwaye korongo. Kwa hiyo hapo huwezi kufyeka msitu wote, huwezi kuua wanyama wote. Ufanye nini?

Hebu turudi nyuma kidogo, kisiwani Príncipe, koloni la Wareno pwani ya magharibi ya Afrika. Mwaka wa 1906 msimamizi mmoja wa shamba la kakao aliona mbung'o wanapenda kutua kwenye migongo ya vibarua wenye nguo nyeusi. Akawavalisha vibarua vitambaa vyeusi mgongoni, akavipaka ulimbo. Hadi mwisho wa 1907 walikuwa wamenasa mbung'o zaidi ya 130,000. Yaani mtu alifanywa mtego anayetembea, mgongo wake ukiwa chambo, huku akivuna kakao ya mwenyewe. Kila nikisoma kisa hiki sijui nicheke au nikasirike. Hata hivyo kina wazo kubwa ndani yake: usimfuate mdudu, mwache aje.

Wazo hilo lilingoja hadi miaka ya 1970 kupata mtu wa kulipima vizuri. Katika bonde la Zambezi, kwenye kituo cha Rekomitjie, mtafiti Glyn Vale alichimba shimo, akaweka ng'ombe chini ya ardhi, akalifunika, na kwa feni akavuta hewa yao hadi nje kupitia bomba. Juu ya ardhi hapakuwa na ng'ombe wa kuonekana. Palikuwa na mdomo wa bomba tu, ukipumua. Mbung'o walikuja. Akiongeza ng'ombe shimoni, mbung'o wanaongezeka juu. Basi hakukuwa na ubishi tena: mbung'o anakuita kwa jina kabla hajakuona, na jina lako ni harufu yako.

Baadaye ikawa kazi ya kuuliza ni kipi hasa ndani ya pumzi ile. Kaboni dayoksaidi, sawa, kila kiumbe anaitoa. Asetoni, ile ile unayotumia kutoa rangi ya kucha, ipo kwenye pumzi ya ng'ombe. Mwaka wa 1984 ikatambuliwa oktenoli, kemikali yenye harufu kama ya uyoga. Na hapa ndipo Kenya inaingia, na ndipo napenda kusimulia polepole.

Profesa Thomas Odhiambo alianzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, mwaka wa 1970 Nairobi. Kituo chake kikubwa cha nyanjani kilijengwa Mbita, kando ya ziwa, kilomita chache tu kutoka Lambwe. Imani yake ilikuwa kwamba Afrika inaweza kuwajua wadudu wake vizuri kiasi cha kuwashinda bila kuimwagia nchi sumu. Watafiti wa icipe hawakuanza na pumzi. Walianza na mkojo wa nyati. Mwaka wa 1984 Owaga alionyesha kwamba mkojo huo unawavuta mbung'o, na mwaka wa 1986 yeye pamoja na Hassanali, McDowell na Saini wakachapisha kilichomo ndani yake: kundi la fenoli, kemikali ndogo nyepesi zinazoruka hewani. Watu wengine walikuwa na mapipa ya gesi na feni za umeme. Hawa walikuwa na mkojo.

Na uzuri wake ni huu. Huhitaji nyati. Ng'ombe wa kawaida anatosha. Tena mkojo ukiwekwa kwa wiki kadhaa, ukachacha, unatoa fenoli nyingi zaidi kuliko ukiwa freshi. Kemia ya bure kabisa. Kule Nguruman, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Magadi, Brightwell, Dransfield na wenzao wakaunda mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi wenye neti juu, mtu wa kijijini anaweza kuushona, na kando yake wakaweka chupa ya asetoni na chupa ya mkojo. Buluu inamvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi inamshawishi atue, neti inampandisha hadi kwenye mfuko wa plastiki anakokaushwa na jua. Hakuna sumu hata tone. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mitego hiyo, ikishirikisha Wamaasai wa eneo lile, ilipunguza mbung'o hao hao wa aina ya Lambwe kwa zaidi ya asilimia 90 mahali ilipowekwa.

Kumbuka sasa yule jike wa kuzaa mmoja mmoja. Hesabu yake ni ya kushangaza. Ukiondoa asilimia 4 tu ya majike kila siku, bila kukosa, kizazi kinaelekea kuisha. Asilimia 4! Kwa mbu au kwa nzi wa nyumbani kiasi hicho ni mzaha, wangejaza pengo kabla ya jioni. Kwa mbung'o inatosha vitambaa vinne vyenye dawa na harufu kwa kila kilomita mraba. Wanyama nusu milioni waliouawa Rhodesia dhidi ya vitambaa vinne. Siandiki hivi kwa dharau. Waliopiga risasi hawakujua. Lakini inanipa kizunguzungu kidogo kufikiria ni nyati wangapi walikufa kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza mbung'o ananusa nini.

Ruma nayo ilipata vitambaa vyake, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, vimelowekwa kiuadudu ili mbung'o akigusa tu afe. Na kiuadudu chenyewe kina ukoo ambao mtu wa Kisii anapaswa kuujua. Deltamethrin, iliyotumika sana kwenye vitambaa vya mbung'o, ilitengenezwa Uingereza, Rothamsted, na Michael Elliott na wenzake mwaka wa 1974, kwa kuiga sumu iliyomo ndani ya ua la pareto. Pareto! Lile ua jeupe lenye kitovu cha njano lililolipia karo ya wazazi wetu wengi huku milimani. Kenya wakati mmoja ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto yote duniani, na Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoikuza kwa wingi. Halafu maabara ikaliiga ua. Nakala ilikuwa ya bei rahisi, haikuharibiwa na jua haraka kama ile ya asili, na haikuhitaji mama wa kuchuma maua moja moja asubuhi kukiwa na umande. Kwetu boma lilikuwa na kitanda cha kukaushia pareto hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kikageuzwa kuwa banda la kuku baada ya malipo kuchelewa mara nyingi mno. Sisemi nakala peke yake ndiyo iliyoua pareto ya Kisii. Uongozi mbovu ulifanya kazi yake pia. Nasema tu kwamba kitambaa kilichomuua mbung'o bondeni kilikuwa na mkono katika kumwondolea mkulima wa mlimani mapato yake. Historia ina tabia ya kulipa huku ikidai kule.

Harufu inaweza pia kufukuza. Hili waliligundua kwa kumwangalia kuro, yule swara mwenye duara jeupe matakoni. Anaishi ndani kabisa ya nchi ya mbung'o, na mbung'o hamtaki. Wanatua kwa nyati, wanatua kwa ngiri, kuro wanamruka. Watafiti wa icipe walichambua harufu ya ngozi yake, wakaiga kemikali zake, wakaziweka kwenye kifaa kidogo kinachovalishwa ng'ombe shingoni, zikitoka polepole. Yaani ng'ombe anavaa perfyumu ya kuro. Majaribio ya Shimba Hills, Kwale, yalipunguza nagana kwa zaidi ya asilimia 80. Kama kuna kitu kimoja katika makala hii utakachowasimulia watu kwenye matatu, simulia hicho.

Mantiki hiyo hiyo ya kuvuta huku na kusukuma kule ilipanda hadi shambani. Miaka ya 1990 Zeyaur Khan wa icipe, akishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, walitafuta dawa ya viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi. Mama wa viwavi hao ni nondo wa usiku, na anachagua mahali pa kutaga kwa kunusa. Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, mmea unaotambaa ambao harufu yake nondo haipendi. Pembeni ya shamba wakapanda nepia. Nondo anakimbia desmodiamu, anavutwa na nepia, anataga huko, na viwavi wakianguliwa na kuanza kutoboa, nepia inatoa utomvu unaonata na wengi wanafia humo. Desmodiamu kwa upande wake inazuia kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi kule nyanda za chini. Angalia tena hilo neno nepia. Pita barabara yoyote kutoka Keroka hadi Nyamira na utaona nepia kwenye matuta, kwenye kingo, mbele ya kila banda la ng'ombe wa kufungiwa. Tuliipanda kwa ajili ya ng'ombe na kuzuia udongo usikimbie. Kumbe ilikuwa chambo, imesimama pale miaka yote ikiita nondo.

Mbu je? Miaka ya 1990 malaria ilipanda milima yetu. Kisii, Gucha, Nyamira, Kericho na Nandi zote zilikumbwa na milipuko, na watu wa huku, ambao miili yao haikuzoea, waliumwa vibaya. Wakati huo huo mtafiti Mholanzi, Bart Knols, alikuwa akionyesha kwamba mbu wa malaria anavutwa na harufu ya miguu ya binadamu, na kwamba jibini la Limburger, ambalo lina bakteria ndugu wa wale wa miguuni, linamvuta vile vile. Soksi zako, msomaji, ni chambo. Kwenye kisiwa cha Rusinga, mbele kidogo tu ya Mbita, kati ya 2012 na 2015 nyumba zaidi ya 4,000 ziliwekewa mitego yenye harufu bandia ya binadamu, feni zake zikiendeshwa na sola. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalisema mbu wakuu wa pale walipungua kwa karibu asilimia 70, na malaria kwenye nyumba zenye mitego ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30. Wenye nyumba walifurahia zaidi taa na mahali pa kuchajia simu, vilivyokuja pamoja na ile sola. Siwalaumu hata kidogo. Ningefanya hivyo hivyo.

Ila harufu haishindi kila kitu, na hapa wapenzi wa teknolojia safi huwa wanaruka ukurasa. Mbung'o wa mtoni, yule aliyekuwa Kuja, hajali sana mkojo wa ng'ombe. Anakula hata damu ya kenge. Kwa huyo wataalamu waliacha chupa wakapunguza kitambaa: kidogo kabisa, sentimita 25 kwa 25, chenye dawa, kinachomekwa kando ya maji. Kimefanya kazi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Lakini hapo anayemwita mbung'o ni rangi tu.

Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kuonekana humu nchini alikuwa wa 2009; watalii wawili waliambukizwa Maasai Mara wakagunduliwa kwao mwaka wa 2012. Habari hiyo ilipita kwenye simu zetu siku moja, ikafunikwa na siasa. Hakuna aliyecheza barabarani Homa Bay kwa ajili yake, nijuavyo mimi. Ugonjwa ulioua watu laki mbili na zaidi ulimalizika bila hata hashtegi ya kueleweka.

Mbung'o mwenyewe hajaisha. Yuko, na nagana iko, na ng'ombe anayelishia kando ya Ruma bado anaweza kukonda mifupa ikaonekana. Kazi ya vitambaa haiishi kwa kuvining'iniza. Jua la bondeni linapausha buluu hadi mbung'o asiione tena. Nyasi zinakua baada ya mvua zinakifunika kitambaa, nyati anajikuna kwenye nguzo anaiangusha. Chupa zinakauka. Kila baada ya muda lazima mtu aende, na panga ya kufyekea, na jeri-kani la mkojo uliochacha ambalo hakuna dereva wa matatu anayekubali lipakiwe ndani.